Bati la kuziba bodi ya gari: usiulize geji, pima milimita

Swali linalokuja sana ni hili, gari imeoza chini ya mlango au kwenye tao la tairi la nyuma, nataka kukata nizibe, ninunue bati geji ngapi, yaani lenye namba gani ya unene? Na majibu utakayopewa gereji nyingi ni mawili tu. Kuna wanaosema chukua geji 16 mzee, hiyo haiozi tena mpaka unauza gari, na kuna wanaoenda kwenye mabaki ya mabati ya kuezekea wanakata kipande wanapiga riveti wanapaka puti, gari inatoka inang'aa kama imetoka bandarini juzi. Yote mawili yatakurudisha gereji. Jibu langu ni refu kidogo ila msingi wake ni kwamba unene wa bati jipya unaamuliwa na bati la zamani lililopo pembeni ya tundu, sio fundi, sio muuza hadiwea, na sio mashine ya kuchomelea iliyopo gereji. Hilo la mashine ndo linaloharibu gari nyingi na watu hawalioni, nitalirudia mbele.

Anza kwa kupima, na pima vizuri

Vania (kile kipimo cha chuma chenye midomo miwili ya kubana kitu na kusoma unene) ndo kifaa chake, hata ile ya bei ya chini ya kidijitali inatosha, hatutengenezi saa hapa. Ila watu wanapima vibaya halafu wanalaumu vania. Kosa la kwanza ni kupima juu ya rangi. Rangi ya kiwandani peke yake ni kama mikroni 100 hadi 150 kwa upande mmoja, yaani sehemu ya kumi ya milimita na kidogo, na ukiwa na rangi pande zote mbili, bati la 0.7 linasoma karibu 1.0 na we unaenda kununua bati nene bila sababu. Na kama gari imeshawahi kunyooshwa kuna puti, hapo unaweza ukasoma milimita tatu au nne ukadhani umepata kifaru. Kwangua mpaka uone chuma cheupe mbele na nyuma, ndo upime.

Kosa la pili ni sehemu yenyewe ya kupimia. Chukua Noah, tao la tairi la nyuma, ugonjwa wake unajulikana. Mtu anabana vania kwenye ule mdomo wa tao kwa sababu ndo sehemu rahisi kufikika, anasoma 1.6 au 1.8, anasema aha gari hii bati lake nene. Hapana bana. Pale mdomoni kuna mabati mawili yamegongana, la nje na la ndani, yamebanwa kwa spoti (weldi za nukta nukta za kiwandani) na katikati kuna gundi ya kuzuia maji na juu kuna rangi. Kila moja peke yake ni kama 0.7. Kwenye ukingo wa mlango ndo balaa zaidi maana bati la nje limekunjwa likalifunika la ndani, hapo ni tabaka tatu. Kwa hiyo usipime kwenye mdomo wala kwenye mkunjo. Kata kwanza sehemu iliyooza, sogea mpaka kwenye chuma kizima ambacho hakina vishimo vya kutu, na upime pale kwenye ukingo uliokata baada ya kuusugua ule uchafu wa grinda, kwa sababu grinda inaacha nyama, yaani chuma kilichovimba pembeni, inayoongeza kipimo. Pima sehemu kadhaa. Ukipata 0.68, 0.72, 0.70 basi gari yako ni 0.7, ukipata sehemu moja 0.5 ujue hapo kutu imeshakula na bado hujafika kwenye chuma kizima, endelea kukata.

Huna vania? Tumia spana malaya isiyochoka na karatasi za A4 za kawaida, zile za gramu 80. Karatasi moja ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Banisha spana kwenye chuma kisafi mpaka iteleze kwa ugumu kidogo, itoe bila kugusa gurudumu lake, halafu pachika karatasi moja moja kwenye mdomo wake mpaka zipite kwa ugumu ule ule. Zikiwa saba ni 0.7, zikiwa tisa ni 0.9. Sio kipimo cha maabara lakini kinakutofautishia 0.7 na 1.2 bila shida, na hicho ndo unachohitaji.

Geji inachanganya kuliko inavyosaidia

Kwenye hadiwea utakutana na geji. Kwanza namba yake inaenda kinyume, geji ikipanda bati linapungua, hilo wengi wanalijua. Ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuna zaidi ya jedwali moja la geji. Geji 22 ya Kiingereza ni milimita 0.71, geji 22 ya Kimarekani ya bati la kawaida ni 0.76, na geji 22 ya Kimarekani ya bati lenye zinki ni 0.85. Yaani geji 24 yenye zinki ya Kimarekani, ambayo ni 0.70, inakaribia sawa na geji 22 ya Mwingereza. Sasa mzigo unatoka kwenye nchi mbalimbali, muuzaji mwenyewe anasoma alichoandikiwa kwenye risiti ya jumla, we unabishana nae kuhusu nini. Kwa makadirio ya kichwani weka hivi: 16 ni 1.5 hadi 1.6, 18 ni 1.2, 20 ni 0.9, 22 ni 0.7 na kitu, 24 ni 0.6 na kuendelea chini. Halafu ukifika dukani sema milimita na utoe vania mfukoni, utaona hata lugha inabadilika.

Ukipima shiti dukani usipime ukingoni kabisa, pale mkasi wa kiwandani umeacha nyama au umebana chuma, ingia ndani kidogo kadiri mdomo wa vania unavyofika. Na usishangae ukikuta shiti inaitwa ya 0.8 inasoma 0.76 au 0.83, hiyo ni kawaida ya kiwanda. Ikisoma 0.65 hiyo sio kawaida, hapo unauziwa namba.

Kuna njia nyingine naipenda zaidi kwa sababu haidanganyiki na nyama ya ukingoni, nayo ni mizani. Chuma kina uzito unaojulikana, mita moja ya mraba yenye unene wa milimita moja ni kilo 7.85. Shiti ya futi 8 kwa 4 ya milimita moja inakuja kama kilo 23.3. Ya 0.8 ni kilo 18.7, ya 0.9 ni 21, ya 1.2 ni 28, ya 1.5 ni 35. Kama unanunua kipande tu, kata mraba wa sentimita 20 kwa 20, weka kwenye mizani ya jikoni: gramu 220 ni 0.7, gramu 251 ni 0.8, gramu 283 ni 0.9, gramu 314 ni milimita moja, gramu 377 ni 1.2. Muuzaji akisema geji 18 na mraba wako unasoma gramu 280, hapo umepewa 20 kwa bei ya 18 na huna haja ya kugombana, mwonyeshe mizani.

Sehemu gani inataka nini

Sasa unene kwa sehemu. Hizi namba ni za kukuongoza tu, gari yako ndo ina neno la mwisho na ndo maana nimeanza na kupima.

Mabati ya nje, yaani fenda, boneti, bati la nje la mlango, paa na ubavu wa nyuma, kwa gari za Japani za miaka hii ni 0.65 hadi 0.75, mara nyingine 0.8. Hapa nunua 0.8, au 0.7 ukiipata. Gari za zamani, Peugeot 504 na wenzake, Land Cruiser za enzi hizo, bati la nje linacheza 0.8 hadi 1.0, kwa hiyo 0.9 au 1.0 inakaa vizuri. Sakafu, kisanduku cha tairi la akiba na bati la ndani la tao la tairi ni 0.7 hadi 1.0, na hapa ndo sehemu pekee ambayo sioni shida ukipanda kidogo, weka 0.9 au 1.0 hata kama ya zamani ilikuwa 0.8, kwa sababu haionekani, haina mkunjo mgumu na inakanyagwa. Usipande mpaka 1.5 lakini.

Kizingiti, pale unapokanyaga kupanda gari, kina tabaka. La nje linakuwa 0.8 hadi 1.2, ndani yake kuna bati lingine la kuimarisha ambalo ni 1.2 hadi 1.5, halafu kuna la tatu, la upande wa ndani wanakokaa watu. Gari isiyo na chesisi inategemea kile kizingiti kama uti wa mgongo wake, kwa hiyo kuziba la nje peke yake huku la katikati limeshakuwa unga wa kutu ni kupaka poda. Fungua uone. Kila tabaka lirudishiwe unene wake, usijumlishe tabaka tatu za 0.8 ukaweka moja la 2.4, haifanyi kazi hivo, lile umbo la boksi ndo linabeba mzigo.

Sehemu zinazoshika mkanda wa kiti, mikono ya sasipensheni, viti na sehemu ya kuwekea jeki zina pachi za kiwandani za 1.5 hadi 2 na zaidi, rudisha ile ile na kama huna mashine ya maana mpe mwenye nayo. Chesisi ya pikapu na Land Cruiser ni 2.5 hadi 4 kutegemea gari na sehemu, hiyo sio kazi ya bati tena, ni kazi ya pleti, na mimi siigusi kwenye andiko hili.

Mbona nene ndo mbaya?

Kwa sababu kila mtu anaona nene ni nguvu. Ugumu wa bati kupinda unaenda kwa unene mara unene mara unene, maana yake bati la 1.2 halizidi la 0.8 kwa nusu, linalizidi zaidi ya mara tatu. Ukichomeka kipande cha 1.5 katikati ya ubavu wa 0.7 umetengeneza kisiwa kigumu ambacho hakichezi wakati bati lote linalokizunguka linatetemeka kila gari ikipita barabara ya vumbi. Mtetemo wote unaishia wapi? Kwenye mstari wa kuchomelea, upande wa bati jembamba. Baada ya muda unaona puti imepata ufa mwembamba unaofuata umbo la kiraka, unakwangua unakuta bati la gari limekatika pembeni kabisa ya weldi, na kiraka chenyewe kizima kabisa kinakucheka.

Halafu kuna kukunja. Tao la tairi lina mviringo wa pande mbili, bati la 0.8 unalipiga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga na linatii. Jaribu 1.5 kwa mkono, utapiga mpaka majirani waje. Mwisho fundi anakata tamaa, analiweka bapa bapa na kumalizia umbo kwa puti ya sentimita nzima. Puti ikizidi milimita mbili tatu ujue imeshageuka kutoka rangi kuwa zege.

Na jembamba nalo ni hivo hivo kinyume. Bati la kuezekea la geji 30 ni kama 0.3, la geji 28 ni chini kidogo ya 0.4. Lile la 0.35 lina ugumu wa moja ya nane ya bati la 0.7. Ukilibonyeza kwa dole gumba linaingia na kurudi na mlio wa kopo. Halichomeleki vizuri, linatoboka ukiliangalia tu, ndo maana wanapiga riveti. Na mabati mengi ya kuezekea ya siku hizi yametengenezwa kwa chuma kigumu makusudi ili yawe membamba, kunja kona yake kabisa halafu uibonde iwe bapa, utaona inapasuka au inarudi kama springi. Bati la bodi linalofaa linakunjika kabisa bila ufa. Hilo jaribio fanya dukani kwenye kona kabla hujalipa, ni sekunde tu.

Sasa ile habari ya mashine

Huku kwetu gereji nyingi zina mashine ya umeme ya rodi, ile inayochomelea mageti. Rodi ya 2.5 inataka kama ampi 60 hadi 90 ili iwake vizuri. Bati la 0.8 linavumilia kama ampi 30 hadi 35. Hesabu ya haraka kwa mashine ya CO2 (MIG, ile inayolisha waya yenyewe badala ya rodi) ni ampi 40 kwa kila milimita moja ya unene, kwa hiyo unaona mwenyewe, ile rodi ni karibu mara mbili au zaidi ya kinachohitajika. Fundi anajua hilo kwa mikono hata kama hajui kwa namba, anajua bati jembamba litatoboka, kwa hiyo anafanya nini, anachagua bati la 1.5 au 2 ambalo mashine yake inaliweza. Kiraka chake hakitoboki kweli. Ila upande wa pili wa mshono bado kuna bati la gari la 0.7 na hilo ndo linatoboka, anaziba kitobo kwa kurundika chuma, joto linazidi, bati linajikunja kama chapati, analipiga nyundo, anapaka puti. Bati limechaguliwa na mashine, gari haikuulizwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza unene uliza gereji ina mashine gani. Ya CO2 yenye waya wa 0.6 au 0.8, sawa, tunaweza kuongea bati la 0.8 na 0.7. Gesi ya oksijeni na asetilini kwenye mkono wa fundi mzee anayejua, sawa pia, chuma kinabaki laini na unaweza kukipiga nyundo baadae, ila joto lake linasambaa kwa hiyo kwenye paa na boneti inahitaji uvumilivu. Rodi tu? Kama lazima, tafuta rodi nyembamba za 1.6 au 2.0, na ufanye sakafu tu. Bati la nje peleka kwingine, kweli.

Na hata kwenye CO2 usivute mstari mrefu. Piga nukta, ruka upande wa pili, piga nukta, rudi, acha ipoe mpaka uweze kushika kwa mkono, endelea hivo mpaka nukta zikutane. Kiraka kikae ukingo kwa ukingo na bati la gari, nafasi ya katikati iwe sawa na unene wa bati lenyewe, na kona za kiraka zizungushwe, kona kali ndo mahali ufa unaanzia. Kupandisha bati juu ya bati ni rahisi lakini kwenye bodi ya nje maji yanakaa katikati ya zile tabaka mbili na kutu inaanza upya kimya kimya, hasa kwa tunaoishi pwani, Dar, Tanga, Mombasa, hewa yenyewe ina chumvi. Sakafuni unaweza kupandisha ila uzibe pande zote kwa gundi ya bodi.

Bati linatoka wapi

Ukiniuliza mimi bati bora la kuziba gari ni bati la gari nyingine. Nenda kwenye yadi wanazochinja gari za ajali, omba paa. Paa ni kipande kikubwa, karibu bapa, mara nyingi hakijaoza, na unene wake tayari ni ule ule wa gari yako au jirani yake kabisa, chuma chake ni laini cha kukunjika, limeshapata dawa ya kutu kiwandani. Ukipata tao zima la gari kama yako ndo bora zaidi, kazi ya kukunja imeshafanywa na kiwanda. Shida ni rangi tu, ing'oe pande zote mbili eneo la kuchomelea. Angalia kwa sumaku pia, Subaru kadhaa zina boneti ya alumini na sumaku haishiki, hilo halichomeleki na chuma hata ufanye nini.

Ukienda hadiwea, eneo la Gerezani kwa wa Dar, taka shiti ya chuma laini isiyo na zinki iliyobingirishwa baridi (cold rolled), uso wake laini na una mafuta kidogo. Ile yenye magamba ya kijivu cheusi yanayobanduka imebingirishwa ya moto, inakuja zaidi kwa unene wa kuanzia 1.5 kwenda juu, ifanye kazi za mabano na chesisi. Shiti ya zinki isiyo ya kuezekea inafaa kwa sakafu na kizingiti, inachelewa kuoza, ila zinki inageuka moshi kabla chuma hakijayeyuka, inaanza kuchemka kwenye nyuzi 907 wakati chuma kinataka karibu 1,500. Ule moshi mweupe ukiuvuta unapata homa na kutetemeka usiku kama una malaria. Sugua zinki sentimita mbili tatu kila upande wa mshono, fanyia kazi nje upepo ukikupita kwa pembeni, na habari ya kunywa maziwa iache, maziwa yanaenda tumboni moshi umeenda mapafuni.

Pipa la lita 200 nalo linatumika sana, bati lake ni 0.8 hadi 1.2 na chuma chake sio kibaya kwa sakafu. Ila pipa lililokuwa na mafuta, thina au kemikali usilikate kwa grinda wala gesi hata kama limekaa wazi muda mrefu na halinuki, mvuke uliobaki kwenye mikunjo unalipuka na watu wamekufa hivo. Nunua lililokwisha kukatwa na kufunguliwa, au lioshwe na lijazwe maji mpaka karibu na mstari wa kukata.

Gari mbili za kuangalia kwa jicho jingine

Land Rover, hizi za zamani na Defender za umbo la zamani mpaka zilipoacha kutengenezwa mwaka 2016, bodi yake kubwa ni alumini. Walianza na alumini mwaka 1948 kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita. Usizibe alumini kwa bati la chuma. Zikigusana na kukiwa na unyevu, alumini inaliwa, inatoka unga mweupe na rangi inapanda vipele, na pwani ndo haraka zaidi. Tumia shiti ya alumini ya 1.2 hadi 1.5, iwe ya riveti au ya kuchomelewa na mwenye mashine yake, na panapokutana na chuma weka mpira au gundi katikati. Ukuta wa mbele wa miguuni na chesisi ni chuma, hapo turudi kwenye kupima kama kawaida.

Ya pili ni gari mpya mpya hizi zinazoingia. Nguzo ya katikati na baadhi ya vyuma vya kizingiti vimepigwa moto na kupozwa ghafla kiwandani, nguvu yake inafika megapaskali 1,500, mara kadhaa ya bati la kawaida. Utaijua kwa sababu haitoboki, biti ya kawaida ya drili inakufa pale pale. Ukishachomelea moto pale ile nguvu inaisha na huwezi kuirudisha, na kuongeza unene wa bati laini juu yake hakufidii, ndani kunabaki mstari dhaifu siku ya ajali. Hiyo inabadilishwa nzima kwa utaratibu wa kiwanda, haizibwi.

Na gari iliyokuja kutoka Japani mikoa ya theluji, wanaomwaga chumvi barabarani, ipandishe juu ya stendi upige chini yote kwa bisibisi kabla hujanunua shiti hata moja. Utahitaji unene zaidi ya mmoja na ni afadhali ujue mapema.

Kama una hela ya shiti moja tu, nunua 0.9. Inakaa kwenye sakafu, kwenye tao la ndani, kwenye kizingiti cha nje, na kwenye bodi ya gari za zamani, na kwa bati la nje la gari mpya inavumilika ukiwa na CO2 na mkono mtaratibu. Ukiwa na nyingine ongeza nusu shiti ya 1.2 kwa mabano na tabaka za kuimarisha. Ile 1.5 waachie wenye mageti.

Kabla hujafunga kiraka paka praima ya zinki kwenye kingo zinazoenda kufichika, ukimaliza pulizia nta au mafuta mazito kwa ndani, na vitobo vya chini vya kutolea maji vibaki wazi, watu wanaviziba kwa puti halafu mlango unakuwa ndoo. Shiti iliyobaki ipake mafuta, isimamishe juu ya mbao isiguse sementi, na iandikie kwa chaki ya mafuta unene wake kwa milimita, maana mwezi ujao mtu atakuja kukata kipande na atauliza hii ni geji ngapi.